Sauti ya Baba Ukingoni mwa Mkanda

Mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, mama alinipigia simu kutoka Magomeni akaniomba niende kumsaidia kuondoa vitu uvunguni mwa kitanda chake, kwa kuwa ukuta wa chumba ulikuwa umeanza kutoa jasho na kila kilichouegemea kilikuwa kinanuka unyevu. Miongoni mwa vitu tulivyovivuta lilikuwamo sanduku la bati la marehemu baba, na ndani yake mikanda ya video 23, kila mmoja katika kasha lake, mingi ikiwa na maandishi ya mkono wake kwa wino wa bluu: "Harusi ya dada, Juni 1996", "Maulidi hapa mtaani", "Bibi amekuja kutoka Kilwa". Baba hakumwajiri mpiga video. Aliazima kamera kubwa ya begani kwa rafiki yake wa kazini na kupiga mwenyewe, ndiyo maana katika mikanda yote hiyo yeye haonekani hata mara moja. Anasikika tu. Picha zake za karatasi tunazo za kutosha, lakini sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani isipokuwa humo.

Nilichukua karibu miezi minne kuihamisha mikanda hiyo kwenda kwenye diski za DVD kwa kutumia kompyuta yangu ya nyumbani, Tabata. Ninaandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam zina sanduku kama hilo, na kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yalihangaikia picha na kuisahau sauti.

Nianze na mkanda wenyewe. Mfumo wa VHS uliletwa sokoni na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka 1976, na kilichomo ndani ya kaseti ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7 uliopakwa chembe ndogo sana za oksidi ya chuma, zikishikiliwa na gundi maalumu. Picha inaandikwa katikati ya utepe kwa mistari ya mshazari, kwa sababu hedi, yaani vichwa vidogo vinavyoisoma, zimefungwa kwenye pipa dogo linalozunguka mara 25 kwa sekunde. Sauti haiko hapo. Katika mikanda iliyopigwa kwa kamera za kawaida za nyumbani, sauti imeandikwa kwa mstari mmoja mwembamba wa milimita 1 tu, unaokwenda sambamba na ukingo wa juu wa utepe, na inasomwa na hedi nyingine isiyozunguka, iliyosimama pembeni ya pipa. Ukingo wa chini nao una mstari wake, ambao kazi yake ni kuiongoza deki, yaani mashine ya kuchezea mkanda, ijue picha inaanzia wapi. Nilipolielewa jambo hili nilishtuka, kwa kuwa unyevu na kuvu huanza kuushambulia mkanda kutoka kwenye kingo.

Jioni ile niliikagua mikanda yote barazani, mmoja baada ya mwingine. Pembeni mwa kila kaseti kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, kifuniko cha mbele kinafunguka na utepe unaonekana. Utepe usio na kasoro unang'aa kwa weusi kama kioo cha gari lililooshwa. Niliitazama pia kupitia vidirisha viwili vya juu, nikiigeuzageuza kwenye mwanga wa taa. Mikanda 16 ilikuwa safi. Mikanda 7, ile iliyokuwa imelala upande wa ukutani, ilikuwa na utando mweupe juu ya utepe uliokunjwa, kama mtu aliyepita na kiganja chenye unga akaugusa kidogo. Hiyo ndiyo kuvu. Mkanda wenye kuvu usiingizwe kwenye deki kamwe, hata kwa dakika moja ya kujaribu, kwa sababu vumbi lake linabaki kwenye hedi na kuuambukiza mkanda unaofuata, na kuvu iliyoganda inaweza kuunata utepe hadi ukakatika. Niliifunga ile 7 kwenye mifuko ya plastiki peke yake nikaiweka kando.

Kabla ya kufanya lolote kwenye mikanda iliyobaki, nilikivunja kile kijino cha plastiki kilicho kwenye mgongo wa kaseti. Kijino hicho kikiwapo, deki inaweza kurekodi juu ya kilichomo, kikiondolewa, haiwezi. Ni kazi ya sekunde mbili kwa bisibisi, nami naona ndiyo inayopaswa kutangulia nyingine zote.

Deki ndiyo iliyonisumbua kuliko kompyuta. Deki yetu ya zamani, ambayo baba aliinunua mwaka 1992, miaka miwili kabla ya ITV kuanza kurusha matangazo huku bara, ilikuwa imekauka mipira yake ya ndani; niliijaribu kwa mkanda mtupu ikautafuna palepale. Deki mpya hazipo tena, kwani kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Nikaingia Kariakoo. Nilizunguka siku mbili katika maduka ya vifaa vya umeme vya mtumba, na karibu kila deki niliyooneshwa ilikuwa imetoka Japani. Hapa mtu anaweza kupoteza fedha bure, kwa hiyo nitaeleza. Japani hutumia umeme wa volti 100, wakati wetu ni volti 230, na deki ya namna hiyo ukiichomeka ukutani bila kipunguza umeme inaungua mara moja. Hata ukiwa na kipunguza umeme, deki hizo zilitengenezwa kwa mfumo wa picha wa NTSC, wenye mistari 525, ilhali kamera na deki zilizouzwa Tanzania zilikuwa za PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Mkanda wetu ndani ya deki ya Japani hautoi picha ya kueleweka. Kitu cha kutazama ni kibandiko cha nyuma: kiandikwe PAL, na volti zianzie 220 kwenda juu.

Niliyoipata hatimaye ilikuwa kwa fundi mmoja mzee, ndani kabisa ya uchochoro, ambaye alikuwa ameitunza juu ya kabati ikiwa imefunikwa kwa kanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na mkanda wenyewe umekuja nao?"

Sikuwa nimekuja nao. Akaniambia hatauza deki kwa mtu ambaye hajamsikilizisha mkanda wake, nirudi kesho. Siku ya pili nilipompelekea mmoja, aliufungua mfuniko wa deki, akaweka mkanda, akauacha ucheze huku akiitazama ile hedi ya sauti iliyosimama pembeni. Akachora alama ndogo ya kalamu kwenye skrubu yake ili aweze kuirudisha ilipokuwa, kisha akaanza kuizungusha polepole, chini ya robo mzunguko. Sauti iliyokuwa imefifia kama ya mtu anayezungumza nyuma ya pazia zito ikaanza kufunguka. "Sikiliza herufi 's', mwanangu," alisema. "Zikianza kusikika zenyewe, hapo ndipo." Kamera iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo kwa namna yake, na hedi ya deki inapaswa kuinama vilevile ili isome kwa ukamilifu. Hakuna programu ya kompyuta niliyoitumia baadaye iliyoweza kufanya kilichofanywa na bisibisi ile. Sauti ambayo hedi haikuisoma haifiki kwenye waya, na isiyofika kwenye waya haiwezi kutengenezwa.

Fundi huyohuyo alinionesha namna ya kusafisha hedi. Unachukua kipande cha ngozi laini kilicholoweshwa kwa alkoholi ya isopropili, unakishikilia bila kukisogeza dhidi ya pipa, kisha unalizungusha pipa kwa mkono mwingine. Usisugue kwenda juu na chini, maana hedi ni nyembamba na inavunjika, na usitumie pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa. Hedi ya sauti na njia yote unamopita utepe navyo vinafutwa. Nilikuwa nafanya hivyo baada ya kila mikanda mitatu, na kila mara ngozi ilitoka na alama ya kahawia, ambayo ni chembe za mikanda yenyewe zinazobanduka.

Kuunganisha deki na kompyuta ni jambo jepesi. Nilinunua kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa kwenye tundu la USB, chenye matundu matatu ya rangi: njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Deki yangu ina tundu moja tu la sauti, kwa sababu ni ya sauti ya njia moja, kwa hiyo nilichomeka waya mweupe na kuiagiza programu iisambaze sauti pande zote mbili. Vinginevyo diski nzima ingekuwa inaongea kwenye sikio la kushoto.

Programu niliyoitumia kunasa ni VirtualDub, ambayo ni ya bure. Kuna mambo ya kupanga kabla ya kuanza, na makosa hapa hayarekebishiki bila kuucheza mkanda upya, jambo ambalo nilikuwa nataka kuliepuka kwa sababu kila mchezo unaukwangua utepe. Kwanza chagua PAL. Ukubwa wa picha uwe 720 kwa 576, na umbo lake la 4 kwa 3 liachwe kama lilivyo. Wengi huivuta picha ijaze televisheni pana ya siku hizi, na matokeo yake ni nyuso za wazee wetu kunenepa, jambo ambalo mimi siliwezi. Pia picha ya mkanda haikuandikwa nzima nzima. Kila picha moja ni nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, na kwenye kompyuta nusu hizo zinaonekana kama meno ya kitana pembeni mwa mtu anayetembea. Usiogope na usizichanganye wakati wa kunasa. Diski ya DVD inazikubali nusu hizo kama zilivyo na televisheni inajua namna ya kuzionesha. Zichanganywe baadaye tu, katika nakala ya kutazamia kwenye simu.

Nilinasa bila kubana kwa namna inayopoteza kitu. Saa moja ya mkanda ilinichukulia takriban gigabaiti 30, na nilikuwa na saa zipatazo 40 kwa jumla, kwa hiyo ilinilazimu kununua diski ya nje ya terabaiti 2. Wapo watakaosema ni gharama isiyo ya lazima, kwamba ingetosha kunasa moja kwa moja katika mfumo wa DVD. Sikubaliani nao. Diski ya DVD ni nakala ya kumpa mama na shangazi. Faili lililonaswa kwa ukamilifu ndilo linalochukua nafasi ya mkanda siku mkanda utakapokufa. Diski ya nje ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, faili litakoma kwenye gigabaiti 4, basi ipange kwa NTFS au exFAT kabla hujaanza.

Mkanda wa harusi niliuacha hadi nilipozoea. Niliupeleka mbele hadi mwisho na kuurudisha mwanzo mara moja, ili utepe ambao haukuwa umesogea kwa miaka mingi ulegee na kujikunja upya kwa usawa, kisha nikakaa nao usiku, kwani mkanda wa saa 3 unanaswa kwa saa 3 kamili na hakuna njia ya mkato. Nilikaa mbele yake muda wote. Michirizi ilipotokea nilikuwa nagusa vitufe vya deki vya kurekebisha ufuatiliaji wa mistari, hadi picha itulie. Chini kabisa ya picha kuna ukanda mwembamba unaochezacheza, ambao kwenye televisheni za zamani ulifichwa na ukingo wa kioo. Huo ni wa kawaida, hautokani na kuharibika kwa mkanda.

Dakika ya 38 umeme ulikatika. Kompyuta mpakato iliendelea kuwaka kwa betri yake, deki ikazimika utepe ukiwa bado umezungushwa kwenye pipa. Niliogopa kuigusa. Umeme uliporudi, baada ya saa moja na nusu, deki iliurudisha utepe yenyewe ndani ya kaseti taratibu na haukupata hata mkunjo, lakini asubuhi yake nilinunua kifaa cha kuhifadhi umeme cha kompyuta za ofisini, nikaichomeka deki humo, na sikunasa tena mkanda wowote bila hicho.

Nilianza upya usiku uliofuata. Dakika ya 41, mbele ya nyumba ya Magomeni, watu wamejaa mlangoni, vigelegele, ngoma ya msondo inapigwa mahali pasipoonekana, na bibi harusi anatolewa ndani akiwa amefunikwa ushungi. Picha inatikisika kwa kusukumwa. Kisha karibu sana, karibu kuliko sauti nyingine zote kwa sababu maikrofoni ilikuwa pale pale kinywani mwake, baba anasema: "Sogeeni, sogeeni kidogo jamani, mama mzazi haonekani." Nilivaa visikizio. Unasikika hata ule mvuto wa pumzi kabla hajasema, na kifua chake kilichokuwa na pumu tangu ujana kikitoa mluzi mdogo. Nilikuwa nimeusahau mluzi huo. Ulikuwa kwenye ule mstari wa milimita 1.

Sauti na picha zilipishana katika mikanda minne. Mwanzoni zinakwenda pamoja, na kufikia saa ya pili midomo inatangulia maneno. Hutokea pale kompyuta inaposhindwa kupokea baadhi ya picha na kuziruka, huku sauti ikiendelea. Programu inaonesha idadi ya picha zilizorukwa, na namba hiyo inatakiwa kubaki sifuri au karibu na sifuri. Nilifunga programu nyingine zote, nikazima intaneti, nikaacha kunasa kwenye diski ileile yenye mfumo wa kompyuta, na tatizo likaisha. Mvumo wa chinichini wa sauti niliupunguza kidogo sana. Nilijaribu kuusafisha wote, na mluzi wa kifua cha baba ukaondoka pamoja nao, kwa hiyo nikaurudisha.

Kutengeneza diski zenyewe kulinichukua muda mfupi. Deki za DVD zinahitaji video ya MPEG-2. Ukichoma tu faili la kawaida la kompyuta, deki nyingi hazitalisoma. Nilitumia DVDStyler, nayo ni ya bure. Diski ya kawaida huandikwa gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta huihesabu kwa namna yake na kuonesha karibu 4.37. Kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, ambayo naiona inatendea haki mkanda wa VHS, dakika 90 zinaingia bila kubanana, na mkanda wa saa 3 unagawanywa katika diski mbili. Nilichoma kwa mwendo mdogo na kuiagiza programu ihakiki kila diski baada ya kuichoma. Diski za kuchomwa hutumia rangi inayobadilishwa na mwanga wa leza, na rangi hiyo haipendi jua wala joto, basi zisiwekwe kwenye dashibodi ya gari wala juu ya televisheni. Mafaili kamili nimeyanakili kwenye diski mbili za nje: moja iko kwangu Tabata, nyingine iko kwa kaka yangu Dodoma, ambako hewa ni kavu zaidi.

Ile mikanda 7 yenye kuvu niliianika mahali pakavu penye hewa, si juani, hadi kuvu ikawa unga mkavu, kisha nikampelekea fundi yule yule. Anaifanyia kazi nje ya kibanda chake akiwa amefunika pua na mdomo, akiuzungusha utepe polepole kwa mkono na kuupangusa kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi. Mitano imeshanaswa. Miwili ingali kwake, na mmoja kati ya hiyo ni ule wa bibi alipokuja kutoka Kilwa.

Jumapili tatu sasa nimekuwa nikienda Magomeni na diski moja na daftari. Mama anakaa mkekani, mimi nashika rimoti, na kila anapoinua mkono nasimamisha picha naye ananiambia ni nani: huyu wa kitenge cha njano ni mke wa marehemu jirani yetu wa pili, huyu mtoto aliyebebwa ni wewe mwenyewe, huyu ndiye aliyepika pilau siku hiyo. Naandika dakika, sekunde, na jina. Kwenye harusi ya 1996 ametambua watu 64. Wamebaki wanawake wawili, wamesimama karibu na ngoma dakika ya 52, ambao ameshindwa kuwakumbuka, nami nimemwambia kwamba wiki ijayo tutaichukua diski na kwenda nayo Temeke kwa shangazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi.